Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: simu janja kwa mtu ambaye mikono haimtii

Maswali haya nayapata mezani kwangu ninapotengeneza simu hapa Mtwara mjini, na mengine yanapigwa kutoka Masasi, Newala, Nachingwea hadi Kilwa. Anayeuliza mara nyingi ni mtoto au mjukuu, si mwenye simu. Kwa hiyo naomba kitu kimoja: soma ukiwa umekaa naye, na simu iwe mbele yake, si mkononi mwako.

Ni lazima ninunue simu maalumu?

Hapana. Simu za Android za miaka hii, iwe Tecno, Infinix, itel au Samsung, ndani ya Mipangilio zina sehemu inayoitwa Accessibility, au Ufikivu ukiwa umeiweka simu kwa Kiswahili. iPhone nayo inayo. Wengi huipita wakidhani ni ya wasioona. Ya wasioona yamo, ya wasiosikia yamo, lakini fungu kubwa ni la watu wenye shida ya mikono: muda wa kubonyeza, menyu kubwa ya vitufe, kuendesha simu kwa sauti, kwa swichi, hata kwa nyusi.

Majina na mpangilio hutofautiana. Samsung wameyaweka chini ya Interaction and dexterity, wengine wameyatawanya. Badala ya kupekua, andika unachokitaka kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya Mipangilio.

Kabla hujauza korosho za msimu mzima kwa ajili ya iPhone, maliza kwanza yaliyomo kwenye simu iliyopo nyumbani.

Nianze na mpangilio upi?

Anza na mwili wake, mipangilio itafuata. Muulize, kisha mtazame akijaribu: ni kiungo gani kinamtii kila mara bila kumchosha? Kinaweza kuwa kidole gumba cha kushoto, kiwiko, kidole cha mguu, kichwa au sauti. Mjongeo mmoja wa uhakika unafaa kuliko mitano ya kubahatisha, kwa sababu ukiwepo huo mmoja, simu nzima inaweza kuendeshwa.

Halafu tofautisha shida. Anayetetemeka ana nguvu, ila mkono hautulii. Aliyepooza ametulia, ila hafiki. Mwenye misuli iliyokakamaa, kama vijana wengi wenye mtindio wa ubongo, anafika, lakini anagusa kwa kiganja kizima na kuchelewa kuachia. Mwenye ganzi anafika na anaachia, ila hajui kama amegusa. Dawa ya mmoja ni kero kwa mwingine, na ndiyo maana ushauri wa "washa hiki na hiki" unaozunguka WhatsApp huwa hausaidii.

Mtazame pia jioni, akiwa amechoka. Mipangilio iliyomfaa saa mbili asubuhi huenda isimfae saa mbili usiku.

Mama anatetemeka mikono. Akigusa jina moja linapigwa jingine, na programu zinahama au zinafutika zenyewe.

Hazifutiki zenyewe. Kidole kinakaa kwenye kioo kupita muda, simu inahesabu kuwa amebonyeza na kushikilia, kisha mtetemo unaiburuta ile alama hadi kwenye sehemu ya kuondolea. Tafuta Touch & hold delay, uiweke kwenye muda mrefu. Hilo peke yake hutuliza nusu ya malalamiko.

Nusu ya pili ni miguso ya bahati mbaya. Samsung ina Tap duration, inayoiambia simu isihesabu mguso mpaka kidole kikae kwa muda uliouchagua, na Ignore repeated touches, inayopuuza miguso inayofuatana harakaharaka. Kwenye iPhone mambo haya yako Touch Accommodations, na humo kuna kitu nakipenda sana: unaweza kuamua simu ihesabu mahali kidole kilipotua kwanza au mahali kilipoinuliwa. Kwa anayetetemeka, pa kuinulia ndipo panapofaa mara nyingi. Anatua popote, anasogea taratibu hadi anapopataka, anainua.

Anza na muda mdogo, sehemu ndogo tu ya sekunde, kisha uongeze. Ukiweka sekunde nzima siku ya kwanza, mama atasema simu imekufa na atairudisha kabatini.

Baada ya hapo punguza vitu kwenye kioo. Ukurasa wa mwanzo ubaki na alama nne au tano zilizoachana. Kuza Display size, si maandishi peke yake, maana maandishi yakikua vitufe vinaweza kubaki vidogo vilevile.

Na simu isishikwe. Ilaze mezani juu ya kitambaa chenye unyevu kidogo au kipande cha mpira wa ndala isiteleze, mkono wote kuanzia kiwiko ulale mezani, vidole tu ndivyo vifanye kazi. Hii haina gharama, na mara nyingi inazidi mipangilio yote niliyoitaja.

Baba kapata kiharusi, upande wa kulia haufanyi kazi. Nifanyeje?

Kwanza kibodi. Gboard ina hali ya mkono mmoja inayosukuma herufi zote upande wa kushoto. Android kuanzia toleo la 12 inaweza pia kushusha sehemu ya juu ya kioo ifikiwe na kidole gumba, na iPhone ina kitu kama hicho kiitwacho Reachability.

Pili kupokea simu, kwa sababu kule kuburuta kitufe cha kijani ndiko kunakowashinda wengi. Samsung inaruhusu kupokea kwa kitufe cha kuongeza sauti na kukata kwa kitufe cha pembeni. iPhone inaweza kupokea yenyewe baada ya sekunde unazozipanga. Ila kupokea kwenyewe kuna ubaya wake: yeyote anayepiga anasikia yanayosemwa ndani. Mueleze baba, aamue mwenyewe.

Tatu, na hapa familia nyingi hukwama. Kupooza upande wa kulia kunatokana na upande wa kushoto wa ubongo, na kwa watu wengi huko ndiko lugha iliko. Kwa hiyo baba huenda anaelewa kila kitu lakini maneno hayatoki, au yanatoka mengine. Usimlazimishe kuendesha simu kwa sauti. Mwekee picha za watu kwenye ukurasa wa mwanzo, akigusa sura ya bibi, simu inampigia bibi. Ujumbe wa sauti, picha na alama za hisia vitamsaidia kuliko kuandika.

Kama ni upande wa kushoto uliopooza, angalia jambo jingine. Wapo wanaoacha kabisa kuona vilivyo upande wao wa kushoto, na si kwamba macho yameharibika. Atakuambia WhatsApp haipo kumbe ipo kona ya kushoto. Hamishia kila kitu kulia.

Siku ya mazoezi ya viungo, iwe Ligula au hospitali nyingine, nenda na simu. Mtaalamu wa viungo akiona baba anavyoishika anaweza kubadilisha mkao wa kiti au wa mkono, jambo ambalo mimi fundi silijui.

Babu aliugua ukoma zamani, vidole vimejikunja na vina ganzi. Kioo hakimsikii.

Ukoma unatibika, dawa zake hutolewa bure, lakini mishipa ya fahamu iliyokwisha kuharibika hubaki hivyo, ndiyo maana babu amepona na vidole bado viko vile.

Kioo cha simu hakisikii nguvu ya kidole, kinasikia umeme wake mdogo unapovutwa na mwili. Ngozi kavu na ngumu haiupitishi vizuri. Mafuta ya kulainisha ngozi, yakishanyonywa, husaidia. Protekta nene ya kioo iondoe, au kwenye Samsung washa Touch sensitivity. Kiungo chochote chenye ngozi laini kinaweza kutumika, hata fundo la kidole au upande wa kiganja.

Kalamu ya tachi yenye ncha ya mpira inapatikana madukani kwa bei ndogo. Ikiwa nyembamba kushikika, izungushie mpira au kitambaa, lakini acha sehemu ya chuma iguse ngozi yake, la sivyo haitafanya kazi. Kijiti cha kawaida hakitafanya kazi kwa sababu hiyohiyo.

Kitu kinachosahaulika: joto. Simu inayochajiwa huku ikitumika, tena jua la Lindi likiwa juu, hupata moto ambao babu hatausikia mkononi. Anaweza kuungua bila kujua. Ikiwa kwenye chaji, simu iwe mezani.

Simu inaelewa Kiswahili ikisemeshwa?

Kuandika, ndiyo. Kuiendesha, bado.

Kibodi ya Gboard inaandika unachosema kwa Kiswahili tangu mwaka 2017, na Kiswahili cha Tanzania kimo kwenye orodha yake. Gusa alama ya maikrofoni, sema, maneno yanatokea. Inahitaji bando, na inapenda maneno yasemwe moja moja bila kumezwa. Ukichanganya Kimakonde au Kimwera itaandika vituko, na mtacheka.

Kuendesha simu nzima kwa sauti ni kazi ya programu nyingine, Voice Access kwa Android na Voice Control kwa iPhone. Hizo amri zake ni za Kiingereza na lugha nyingine chache, Kiswahili hakimo. Mtu asikate tamaa kwa hilo. Amri za lazima hazifiki ishirini: "open WhatsApp", "go back", "go home", "scroll down". Muhimu kuliko zote ni "show numbers". Ukiisema, kila kitu kinachobonyezeka kwenye kioo kinapata namba, unataja namba tu. Nimewafundisha wazee ambao hawajawahi kusoma Kiingereza, wakazishika kama walivyoshika kuhesabu mpaka kumi. Lafudhi haina shida kubwa, kelele za mtaani ndizo zenye shida.

Mdogo wangu alianguka mnazi, akaumia uti wa mgongo shingoni. Mikono yote haina nguvu. Anaweza kutumia simu?

Anaweza, na kwake simu ni zaidi ya anasa, kwa sababu ndiyo mlango pekee anaoweza kuufungua bila kuita mtu.

Kama sauti yake iko wazi, anza na hiyo niliyoeleza juu. Kama sauti ni dhaifu au hataki kusikika na nyumba nzima, angalia kichwa na uso. Tangu mwaka 2021, Switch Access ya Android, programu ya kuendesha simu bila kugusa kioo, inaweza kutumia kamera ya mbele kusoma uso: kutabasamu, kuinua nyusi, kufungua mdomo, kutazama kushoto, kulia au juu. Kila kimoja unakipa kazi. Inakula chaji na inahitaji mwanga usoni, kwa hiyo usiku taa ikikatika inagoma. iPhone 12 na zilizofuata zenye iOS 18, iliyotoka mwaka 2024, zinaweza kufuata macho yenyewe, unakazia jicho kitufe hadi kinabonyezeka.

Yupo pia mwenye nguvu ya shingo anayependa kijiti cha mdomoni chenye ncha ya kalamu ya tachi. Ni njia ya zamani na bado ni ya haraka, ila kiwe chepesi na kisafishwe kila siku, na ncha ipate njia ya kugusana na mwili, mfano kwa waya mwembamba unaofika mdomoni au shavuni.

Chochote mtakachochagua kitategemea simu ilipo. Stendi ya shingo ndefu inayobana kitandani au kwenye kiti mwendo ni ununuzi wa kwanza. Simu ikisogea kidogo tu, kila kitu kinapotea, na yeye hawezi kuirudisha.

Hiyo swichi ni kitu gani, na Mtwara naipata wapi?

Swichi ni kitufe kimoja. Simu inapitisha mstari wa rangi juu ya kioo, safu kwa safu, ukifika kwenye safu unayoitaka unabonyeza, kisha unapita kitufe kwa kitufe, unabonyeza tena. Ni polepole, lakini kwa mjongeo mmoja unaandika barua nzima.

Swichi za kitaalamu madukani kwetu sijaziona. Huzihitaji kuanza. Switch Access inakubali vitufe vya sauti vya simu yenyewe. Inakubali pia kibodi ya Bluetooth, ambapo kitufe kikubwa cha nafasi kinaweza kubonyezwa kwa kiwiko au mguu. Ukipata kibodi ya waya, nunua kiunganishi cha OTG kinachoendana na tundu la chaji la simu yako. Fundi mwenye chuma cha kulehemu anaweza kutoa nyaya mbili za kitufe kimoja na kuziunga kwenye kitufe kikubwa cha kengele ya mlango. Nimefanya, inadumu.

Kipanya nacho kinaingia kwenye OTG na mshale unatokea kwenye kioo. Kwa anayeweza kusukuma lakini hawezi kubofya, Android ina mpangilio wa kubofya wenyewe mshale ukitulia.

Mwanzoni mwendo wa mstari uwe wa taratibu sana. Ukienda kasi, anakosa, anakasirika, na mwili wenye kukakamaa ukikasirika hukakamaa zaidi.

Kila akitaka kutuma pesa, menyu inakatika kabla hajamaliza.

Hili ni swali ninalopata kuliko yote wakati wa malipo ya korosho. Menyu ya *150*00# au *150*60# inaendeshwa na mtandao, na mtandao una saa yake. Kuna mpangilio wa Android uitwao Time to take action unaoongeza muda wa ujumbe kukaa kwenye kioo, lakini menyu ya mtandao haiguswi na huo.

Njia nzuri ni programu ya mtandao wako badala ya menyu. Inamsubiri zaidi, majina yako kwenye orodha, na vitufe vinakuzwa. Akibaki na menyu, hifadhi msimbo wenyewe kama jina kwenye kitabu cha simu, aufungue kwa mguso mmoja. Namba ya mpokeaji ainakili kabla ya kuingia, akifika aibandike.

Basi si mimi nimwekee namba ya siri, nimalize haraka?

Najua inafanyika kila nyumba. Sipendi. Siku ukiwa haupo hana pesa, na siku pesa zikipungua, undugu ndio unaohojiwa. Fedha za mnada zinazoingia benki kupitia chama cha msingi ni za mwenye shamba, hata kama hawezi kubonyeza.

Mpe muda. Geuza uso. Kama anatumia sauti, namba ya siri asiitamke, kwa hatua hiyo ahamie swichi, kipanya au kalamu. Programu zinazokubali uso au kidole ziwekewe kidole ambacho hakitetemeki, au hata kidole cha mkono uliopooza ukisogezwa naye mwenyewe.

Mama amebangua korosho miaka mingi, vidole havina alama. Simu inamkataa, na wakala wa laini anamkataa.

Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi, na mistari ya vidole hulika. Kwa kufungua simu, tumia mchoro au namba, au jaribu kidole ambacho hakishiki ganda, mara nyingi kidole kidogo cha mkono usiobangua. Sajili kidole hichohicho mara mbili.

Kwa laini, usajili wa alama za vidole ulianza Mei 2019 na unategemea taarifa za NIDA. Ajaribu vidole vyote kumi, mikono ikiwa imeoshwa na kupakwa mafuta siku chache mfululizo bila kubangua. Ikishindikana, aende ofisi ya NIDA ya wilaya na kitambulisho chake aulize utaratibu. Asikubali laini yake isajiliwe kwa jina la mtu mwingine, maana kwenye kumbukumbu za mtandao pesa zilizomo zitaonekana za huyo mwingine. Akipiga *106# ataona laini imesajiliwa kwa nani.

Nimewasha kitu na sasa simu inasema kila ninachogusa, haifunguki.

Umewasha TalkBack. Bonyeza vitufe vyote viwili vya sauti kwa pamoja, ushikilie sekunde chache. Ikigoma, gusa mara mbili harakaharaka ili kukubali, na buruta kwa vidole viwili. Kwenye iPhone, bonyeza kitufe cha pembeni mara tatu, ikiwa njia hiyo ya mkato ilikuwa imewashwa.

iPhone au Android?

iPhone ina mipangilio iliyokamilika zaidi na iko mahali pamoja. Android ina bei, vipuri na mafundi. Kwa mtu wa Liwale au Nanyumbu nachagua Android, kwa sababu kioo kikivunjika kitapatikana.

Akianguka peke yake?

Android nyingi za toleo la 12 na kuendelea zina Emergency SOS, kubonyeza kitufe cha kuwashia mara tano. Namba ya dharura ni 112, ila unaweza kuiweka impigie jirani, na kijijini jirani hufika kwanza. Kwa anayetetemeka izime, itapiga kila siku.

Kuna msaada wa fedha?

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inawapa haki ya kufikia habari na mawasiliano. Fedha taslimu ya simu hutaipata kirahisi. Kilichopo ni mkopo wa halmashauri usio na riba: katika asilimia 10 ya mapato ya ndani, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Ni mkopo wa biashara, lakini simu ikiwa chombo cha kazi, iandike kwenye andiko. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kuanza naye, na matawi ya vyama vya watu wenye ulemavu, CHAWATA na SHIVYAWATA, yanajua njia.

Bibi hataki simu kubwa. Ana kitochi chake.

Mwache nacho. Kitochi kina vitufe vinavyozama, kidole kinajua kimebonyeza, chaji inakaa siku kadhaa. Kwa mwenye ganzi au mtetemo anayetaka kupiga na kupokea tu, ni simu nzuri kuliko hizi zetu. Mwekee watu wake kwenye namba moja moja, 2 akishikilia impigie mwanawe, 3 mjukuu, 4 mwenyekiti wa kijiji, kisha ubandike vipande vidogo vya plasta juu ya vitufe hivyo avipapase.